Vumbi la Mbao na Vifua vya Walio Nyumbani



Wazee wetu walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Maneno haya tumeyasikia tangu udogoni, na mara nyingi tumewaonya nayo wanafunzi wetu chuoni, wala hatukudhani hata siku moja kwamba yangetugeukia sisi wenyewe. Leo tumeona ni wajibu wetu kueleza yaliyotufika, kwa sababu majumba mengi ya Waislamu siku hizi yana fundi ndani yake. Huyu hutengeneza vitanda, huyu makabati, huyu marfaa za kuwekea Misahafu. Na wengi wao hufanya kazi hiyo uani au barazani, pale pale watoto wanapocheza na mama zao wanapopika. Kazi ya mikono ni heshima, na chumo lake ni halali. Lakini kazi hii ina adui ambaye wengi wetu tumemzoea hata hatumhesabu kuwa adui, naye ni vumbi.

Kazi yetu sisi ni kusomesha watoto Kurani hapa Unguja, na useremala tuliurithi kwa marehemu baba yetu. Baba alikuwa na randa mbili, misumeno mitatu, patasi, tupa, na vipande vya kioo. Kioo kilichovunjika alikitumia kukwangulia ubao mpaka ukawa laini, na msasa akautia mwisho, tena kidogo, kwani msasa ulinunuliwa kwa fedha na kioo kilikuwa bure. Maranda yaliyotoka katika randa yake yaliangukia miguuni pake yakiwa yamejikunja, na mama yetu aliyakusanya kuwashia moto. Na kabla ya kufagia ua, mama alinyunyiza maji kwanza. Sisi tuliyaona hayo yote, tukayachukua kuwa ni desturi za watu wasiokuwa na mashine.

Mwaka 2016 tulinunua mashine ya umeme ya kupigia msasa. Kazi iliyokuwa ya siku mbili ikawa ya saa mbili, tukafurahi sana. Mapema mwaka 2019 tukaombwa na chuo kimoja tuwatengenezee marfaa 40 kabla ya Ramadhani. Tukatafuta mbao za mvule na mkangazi, na kila siku baada ya sala ya adhuhuri tukawa tunakaa uani na mashine ile mpaka karibu na alasiri. Ua ulijaa ukungu, na vyungu vya maua vikageuka rangi. Tulipokwenda kutia udhu na kupandisha maji puani, maji yalitoka na rangi ya mvule. Tukamshukuru Mungu kwamba pua imesafika, wala hatukujiuliza swali lililokuwa wazi: ikiwa hili ndilo lililokamatwa puani, lile ambalo halikukamatwa limekwenda wapi?

Katika nyumba yetu yumo mjukuu wetu, mtoto wa kike, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba. Dirisha la chumba anacholala hufunguka uani. Siku zile akaanza kukohoa usiku, na kifua chake kikawa kinapiga filimbi. Tulisema ni mafua. Kisha tukasema ni baridi ya alfajiri. Bibi yake akampa tangawizi na asali. Usiku mmoja mtoto aliketi kitandani mabega yakipanda na kushuka, asiweze kusema neno zima bila ya kulikata, ndipo tukamchukua hospitali na mama yake.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, umri wake kama wa binti yetu.

"Shikamoo, Maalim," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Baada ya kumpa mtoto dawa ya kuvuta na kumwona ametulia, alituuliza: "Nyumbani mnapikia nini, Maalim? Kuni, makaa au gesi?"

Tukamwambia gesi.

"Yupo anayevuta sigara?"

"Hayupo."

"Na kazi ya ufundi, hakuna?"

Tulinyamaza kidogo, kisha tukamwambia kwamba sisi huchonga mbao. Akauliza ni mahali gani. Tukasema ni uani, chini ya dirisha la mtoto.

Daktari yule hakutukemea. Alitufahamisha kwamba mtoto ana pumu, na kwamba pumu huja kwa njia nyingi, wala hakusema kuwa ni sisi tulioileta. Lakini vumbi laini, alisema, ni katika mambo yanayoichochea, na la mbao halina nafuu. Tukajitetea kwamba hatufanyi kazi usiku, na mtoto hukohoa usiku. Akajibu kwa adabu: "Maalim, mashine ikizimwa, vumbi halizimiki nayo."

Ndugu zetu, tuliona haya kubwa. Miaka zaidi ya 30 tumewafundisha watoto wa watu tohara ya nguo, ya mwili na ya mahali pa kusalia, na kwamba si halali kumdhuru jirani. Na huku mtoto wa nyumbani mwetu tukimjazia kifua chake kwa mikono yetu. Tangu siku ile tumeuliza na tumesoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba vumbi lionekanalo si lile la kuogopwa zaidi. Wataalamu hupima chembe za vumbi kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe kubwa zinazoangukia miguuni hazina nguvu ya kwenda mbali, na zile zizidizo maikroni 10 aghalabu hukamatwa puani na kooni, zikatoka kwa kamasi na makohozi. Ama zile zilizo ndogo kuliko hizo huteremka katika mirija ya pumzi, na zilizo chini ya maikroni 4 zaweza kufika mwisho kabisa, katika vijifuko vya hewa ambamo damu hupokea pumzi. Huko hakuna kamasi wala vinyweleo vya kuzifagia nje, na mwili huziondoa kwa taabu na kwa muda mrefu.

Tena chembe hizi hazianguki upesi. Ile ya maikroni 10 hufika chini kwa dakika chache. Ya maikroni 1, hewa ikiwa imetulia, huelea saa nyingi. Basi yule anayefanya kazi alasiri, akazima mashine na kutazama ua ukaonekana safi, asidhani vumbi limekwisha. Limebaki lile lisiloonekana, na usiku huingia dirishani.

Pili, mbao zenyewe hazikuumbwa sawa. Mvule, msaji na mpingo zina utomvu na mafuta ya asili ambayo huzilinda na wadudu, na hayo hayo huwasha ngozi, pua na macho ya watu wengine. Mvule umejulikana pia kwa kuleta pumu kwa baadhi ya mafundi. Na mbao za kisasa zitengenezwazo kwa unga wa miti, kama MDF, hutoa vumbi laini mno, na gundi yake huwa na dawa iitwayo formaldehidi. Ama milango ya zamani ambayo wengi wetu huikarabati, rangi zake za kale mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu mbaya kwa watoto hasa. Rangi kama hiyo isipigwe msasa mkavu kabisa, wala isikwanguliwe nyumbani penye watoto.

Tatu ni habari ya saratani. Katika mji wa High Wycombe huko Uingereza, mji uliosifika kwa kutengeneza viti, daktari mmoja wa pua na masikio, Bibi Esmé Hadfield, aliona katika miaka ya 1960 kwamba mafundi wa samani walikuwa wakipatwa na saratani ya pua ya namna ambayo ni nadra sana kwa watu wengine. Yeye na wenzake wakaieleza habari hiyo katika jarida la madaktari mwaka 1968. Na mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani likaliweka vumbi la mbao katika orodha ya mambo yaliyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Hatusemi haya ili kumtia mtu hofu. Maradhi hayo ni machache, na aghalabu huwapata waliokaa katika vumbi miaka mingi. Lililo karibu nasi zaidi ni pumu: idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia usalama kazini yasema kwamba maseremala wa huko hupatwa na pumu mara nne zaidi kuliko wafanyakazi wengine.

Idara hiyo hiyo imeweka mpaka kwamba vumbi la miti migumu lisizidi miligramu 3 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Kipimo hiki twaweza kukileta jikoni ili kifahamike. Punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi. Chukua chumba cha urefu wa mita 4, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2 na nusu. Hewa yake ni mita za ujazo 30. Basi vumbi la miligramu 90, yaani uzito wa punje nne au tano za mchele, likienea katika hewa ya chumba hicho, mpaka umekwisha kufikiwa. Mashine yetu ilimwaga vibaba.

Sasa tuseme juu ya kinga. Wengi hukimbilia barakoa, na sisi pia tulianza hapo. Lakini utaratibu wake ni kinyume, kwani barakoa ndiyo ya mwisho.

Kinga ya kwanza ni kutolizalisha vumbi. Randa na patasi hutoa maranda, na maranda hayaelei. Kikwanguo cha chuma, au kile kioo cha baba yetu, hulainisha ubao kwa kutoa nyuzi nyembamba ambazo huanguka chini. Tumerudi kwenye randa kwa sehemu kubwa ya kazi, na msasa tukauacha kwa kumalizia tu. Naam, kazi imekuwa ya polepole. Lakini aliye nyumbani kwake, asiye na tajiri wa kumhimiza, ana udhuru gani?

Kinga ya pili ni kulikamata vumbi pale linapozaliwa, kabla halijaingia hewani. Mashine nyingi za msasa zina tundu la kutokea vumbi; tundu hilo liunganishwe kwa mpira na mashine ya kuvuta vumbi. Lakini itazamwe mashine hiyo ina chujio gani. Zile zenye mfuko wa kitambaa tu hukamata chembe kubwa, na zile laini huzitema kwa nyuma, na fundi akadhani amesalimika. Chujio liitwalo HEPA hukamata asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Ili lisizibe mapema, mpira upitishwe kwanza katika ndoo yenye kifuniko madhubuti, ili vumbi zito libaki humo.

Kinga ya tatu ni upepo, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hata Machi, kisha huja kusi. Meza ya kazi isikae mahali pamoja mwaka mzima. Ikae upande ambao upepo utalichukua vumbi mbali na nyumba, mbali na dirisha, na mbali na jirani pia. Kwani kulitoa kwako ukalipeleka kwake si kinga. Fundi naye asimame upepo umpitie ubavuni, likiondoka mbele yake. Hewa ikiwa imetulia kabisa, msasa ungojee siku nyingine.

Kinga ya nne ni katika kusafisha. Ufagio mkavu hulirudisha hewani vumbi lote lililokwisha kutua, na kulipuliza kwa mashine ya upepo ni vibaya zaidi. Panyunyizwe maji ndipo pafagiwe, na meza ipanguswe kwa kitambaa kibichi. Mama yetu hakusoma habari za maikroni, lakini desturi yake ilikuwa ya haki.

Kinga ya tano ndiyo barakoa. Leso iliyofungwa puani haizuii chembe laini, na zile barakoa nyepesi za buluu huacha nafasi mashavuni. Inayofaa ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2, ambayo hukamata asilimia 94 au 95 na zaidi ya chembe ndogo ikiwa imekaa sawasawa usoni. Na hapa ndipo lilipo jambo letu wenye ndevu. Barakoa hizo hufanya kazi kwa kushikana na ngozi pande zote. Penye ndevu haishikani, na hewa hufuata njia iliyo rahisi, yaani pembeni mwa barakoa badala ya ndani ya chujio. Sisi tulivaa barakoa nzuri muda mrefu tukijiona tumekingika, mpaka siku moja tulipoivua tukaona mstari wa vumbi umelala ndani yake juu ya ndevu. Hatumwambii mtu anyoe, twamwambia asijidanganye. Zipo kofia zenye feni ndogo ya betri ambazo humpulizia fundi hewa iliyochujwa, nazo hufaa kwa mwenye ndevu, ila bei yake ni kubwa. Asiyeiweza, basi zile kinga nne za kwanza kwake si hiari tena.

Na kuna jambo la nguo. Vumbi hupanda juu ya kikoi, nywele na ndevu, likaingia nalo ndani. Ifaavyo ni fundi awe na nguo ya kazi isiyovuka kizingiti, wala asimpe mkewe aikung'ute, bali iloweshwe majini. Aoshe uso, kichwa na mikono kabla ya kumpakata mtoto. Watoto nao wasikaribie mahali pa kazi wakati wa msasa, wala mara tu baada yake, na madirisha ya upande huo yafungwe mapema.

Enyi vijana mnaojifunza ufundi! Tumewaona mkicheka mwenzenu akivaa barakoa, na kujisifu kwamba mmezoea vumbi. Kifua hakizoei vumbi. Hunyamaza tu kwa muda. Yule ambaye kifua chake hubana siku za kazi, kikafunguka siku ya Ijumaa anapopumzika, hiyo ni ishara, aende akapimwe asingoje. Na kikohozi kilichopita wiki mbili au tatu kisiachiwe tangawizi peke yake, kwani huenda kikawa kifua kikuu au jingine, na mengi ya hayo hutibika yakiwahiwa. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Ama zile marfaa 40 hazikutimia. Tuliihamisha meza, tukaifunga mashine, na kwa randa na kikwanguo tukapata 26 tu kabla ya Ramadhani. Tulikwenda kwa mwalimu wa chuo kile tukamweleza sababu na kumtaka radhi. Akasema, "Haidhuru, Maalim, watoto watasoma wawili wawili." Zilizobaki tulizimaliza baada ya Idi.

Mjukuu wetu bado ana pumu, na dawa yake ya kuvuta haiwi mbali naye. Lakini usiku hulala, nasi twalala. Dirisha lake twalifungua sasa bila ya hofu. Mwaka jana alihitimu Kurani mbele ya wazee wake, na tulipokuwa tukimsikiliza hatukuwa na shaka na hifadhi yake, kwani tulimsomesha wenyewe. Tulikuwa tukisikiliza pumzi zake. Alisoma sura ndefu hata mwisho, na kila alipovuta pumzi tuliisikia ikiingia safi, bila ya filimbi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wa nyumbani na wa jirani, na atuzindue sisi wazazi wao kabla hatujazinduliwa na maradhi yao.

Wassalaamu alaykum.